Kuni zipo ndani lakini hazioteki: kutafuta chanzo msimu wa baridi

Mwaka juzi mwishoni mwa Mei nilinunua kirikuu kizima cha mabanzi ya mkaratusi. "Hizi kavu, mama, zimekaa tangu mwaka jana," aliniambia kijana aliyekuwa anashusha, nami nikaamini kwa sababu kwa nje zilikuwa za kijivu. Tukazipanga stoo hadi karibu na dari. Wiki ya pili ya Juni, baridi ya Njombe ilipokaza, jiko likawa linatoa moshi kuliko joto, ukuta wa stoo ukaota ukungu mweusi, na mume wangu akaingiza jiko la mkaa chumbani ili tupate kulala. Asubuhi tuliamka sote vichwa vinatugonga. Kuni zilikuwa mbichi kwa ndani. Ule ukijivu ulikuwa kazi ya jua la juu juu tu, na mimi sikupasua hata moja kuangalia.

Tangu hapo, mtu akinilalamikia kuni zake namuuliza kwanza zilipitia wapi kabla ya kuingia ndani. Mengi yanayoonekana stoo yalizaliwa nje, miezi kadhaa nyuma. Nimeyaandika hapa kwa dalili, kama yanavyoletwa na wanaolalamika. Moja nalitanguliza kwa sababu halisubiri.

Nyumba nzima inaumwa kichwa

Watu wawili au zaidi wakiwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au usingizi mzito usio wa kawaida, kisha wakitoka nje wanapata nafuu, usikimbilie kusema ni malaria. Hiyo inaweza kuwa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayotoka pale mkaa au kuni zinapoungua bila hewa ya kutosha. Gesi hiyo hukaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Toa watu wote nje, fungua milango na madirisha, na mtu aliyezimia au anayeongea ovyo apelekwe hospitali bila kungoja kukuche.

Chanzo huku kwetu karibu siku zote ni kilekile: jiko la mkaa chumbani, dirisha limezibwa kwa magunia kuzuia baridi. Wengi wanadhani mkaa ukishakuwa mwekundu na moshi ukaisha, basi sumu nayo imeisha. Moshi umeisha, gesi ipo. Ukitaka chumba kipate joto, kipashe kabla ya kulala mlango ukiwa wazi, halafu jiko litoke nje kabla mtu wa kwanza hajapanda kitandani. Na jiulize kwa nini mkaa uliingia chumbani. Kwangu uliingia kwa sababu kuni zilikuwa mbichi.

Kuni zinalia, zinatoka povu, moshi umejaa nyumba

Weka kuni motoni uangalie ncha ya upande usiowaka. Ukiona maji yanachuruzika, povu linatoka na kuni inalia "sss", hakuna haja ya kulaumu jiko. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Moto unapaswa kwanza kuyachemsha hayo maji yote na kuyageuza mvuke, na joto ulilolitaka wewe linaishia huko. Kuni nzuri ya kuota haizidi sehemu moja ya maji katika sehemu tano za uzito wake.

Utajuaje bila kipimo? Gonganisha vipande viwili. Mama mkwe wangu anasema kuni kavu lazima ilie kama chupa zikigongana. Mbichi inajibu "du" kama mtu aliyeulizwa deni. Angalia ncha: kavu ina nyufa zinazotoka katikati kwenda pembeni. Bandua gome: likitoka lenyewe ni dalili njema, likishika kama ngozi bado. Kipimo nilichokuja kukipenda zaidi ni mizani. Chagua vipande vitatu, viandike namba kwa mkaa, vipime kila Jumamosi. Uzito ukiwa bado unashuka, maji bado yanatoka. Ukisimama wiki mbili mfululizo, hapo zimekauka kadiri hali ya hewa ya mahali hapo inavyoruhusu. Ukishindwa yote, pasua moja katikati na uiweke shavuni. Ubaridi wa maji shavu linaujua kuliko kiganja chenye sugu.

Sasa chanzo. Maji ya mti hutoka zaidi kupitia ncha zilizokatwa na ubavu uliopasuliwa, gome linayazuia. Gogo zima lenye gome linaweza kukaa msimu mzima likawa bado bichi moyoni. Hapa ndipo miwati inapoishinda mikaratusi. Miwati ilipandwa huku kwa ajili ya magome yake, yanayotoa tanini ya kulainishia ngozi. Kampuni ya miwati ilianza hapa Njombe mwaka 1949. Mti ukishabanduliwa magome unabaki uchi, na mti ulio uchi haukawii kukauka. Mkaratusi unakupa joto kali, lakini ukiuacha uzima na gome lake unakuwa mkaidi, na kuupasua baada ya kukauka ni kazi ya shoka, kabari na matusi. Upasue ungali mbichi.

Kisha kalenda. Nyanda zetu za kusini zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Anayekata mti Mei ili aote Juni ameshachelewa, kwa sababu amekata mti ulioshiba mvua na anauingiza ndani wakati wa ukungu. Jua na upepo wa kukausha tunavipata Agosti, Septemba na Oktoba. Kuni za Juni hii zilitakiwa kuanguka Agosti iliyopita, zipasuliwe palepale, zipigwe na upepo hadi Oktoba, na ziingie chini ya paa kabla ya mvua ya kwanza. Walioko Limuru au Lushoto wana misimu miwili ya mvua, na kiangazi chao kizuri kwa kazi hii ni Januari na Februari.

Kama ni Juni na mbichi ndizo ulizonazo, usizitupe. Zipasue hadi ziwe na unene wa kifundo cha mkono wa mtoto. Tafuta hata mizigo miwili ya kuni kavu uchanganye: moto uwashwe na kavu, mbichi iongezwe moja moja ukishapata makaa. Za kesho zisimamishe jikoni usiku wa leo, umbali wa mita moja kutoka kwenye moto, ncha zikiangalia joto. Magunzi yasaidie kuwasha. Mafuta ya taa hayasaidii kitu. Yanawaka yenyewe na kuondoka.

Bibi yangu alikuwa na uchaga juu ya mafiga, na kuni za wiki nzima zilikaa huko zikifukizwa moshi. Njia hiyo inafanya kazi kweli, na inaua wadudu pia. Lakini jiko lake lilikuwa peke yake uani, paa liko juu sana, na yeye hakuwa anaondoka mbele ya moto. Ukiufanya uchaga huo kwenye jiko la ndani lenye dari ya mbao, umetengeneza kiberiti juu ya kichwa chako.

Zilikuwa kavu, zimeingia ndani zikarudi kuwa mbichi

Hili watu hawaliamini hadi liwapate. Kuni kavu hunywa unyevu tena, hasa ngazi ya chini ya lundo. Chomoa kipande cha chini kabisa na cha juu kabisa, vigonganishe. Ikiwa cha juu kinalia na cha chini hakilii, tatizo ni sakafu. Sakafu ya udongo, hata ya saruji isiyo na nailoni chini yake, inapandisha unyevu kama utambi. Inua lundo kwa matofali na miti miwili ya kulalia, urefu wa kiganja uwe wazi chini. Acha nafasi kama hiyo nyuma pia, kati ya kuni na ukuta.

Ikiwa zote zimelowana kwa kiasi kimoja, tafuta mvuke. Je, stoo ndiyo njia ya mvuke wa jikoni? Nguo za watoto zinaanikwa humo? Je, umezifunga kuni kwa turubai pande zote ukidhani unazitunza? Turubai lililofunga kila upande linatoa jasho kwa ndani, na jasho linarudi kwenye kuni. Funika juu tu. Asubuhi ukungu ukiwa mzito acha dirisha la stoo limefungwa. Lifungue saa sita jua likitoka, ulifunge saa kumi.

Chumba kinanuka uvundo, ukuta una madoa meusi

Hapa hesabu inatisha kidogo. Chukua kilo 100 za kuni mbichi, nusu yake maji. Zikifikia ukavu wa kuota zitakuwa zimebaki kilo 62 na nusu. Zile kilo 37 na nusu zilizopotea ni maji, karibu ndoo mbili za lita 20, na kama zilikaukia ndani, ndoo hizo mbili zimemwagwa hewani mwa nyumba yako. Zimeenda kwenye ukuta wa kusini usiopata jua la Juni, kwenye godoro, kwenye mahindi ya debe la kona. Mimi sikuingiza kilo 100 tu. Niliingiza kirikuu.

Kwa hiyo ukiona madoa, kufuta ukuta kwa klorini peke yake ni kupoteza klorini. Toa kuni kwanza. Zile zenye ukungu mweupe au kijani kwenye ncha zipeleke nje zipigwe jua. Usizipukute ndani, na mwenye pumu asizibebe kabisa. Ukungu haumaanishi kuni imekufa, itawaka ikikauka. Kuni inayobonyea kwa kidole gumba, hiyo imeoza na joto limeshaliwa na uyoga, iache shambani.

Mimi sasa naweka ndani kuni za siku tatu au nne tu, na lundo kubwa liko kwenye kibanda cha uani chenye paa na ubavu ulio wazi upande wa upepo. Wezi? Wapo. Nimepitisha waya wa kufungia kati ya ngazi za lundo, na mbwa analala palepale. Bado napoteza vipande viwili vitatu, na nafuu hivyo kuliko godoro.

Unga chini ya lundo, matundu, wadudu

Kabla hujanunua dawa, piga magoti uangalie unga wenyewe, maana si wadudu wote wana nia moja.

Unga laini sana, kama poda ya mtoto, na vitundu vidogo kama vya pini: huyu ndiye wa kuogopa. Anakula mti mkavu, ile sehemu nyeupe ya nje ya miti migumu, na akimaliza kuni anaweza kuhamia kwenye fremu ya kitanda au stuli yenye mbao nyeupe kama hiyo. Kuni hizo zitoke ndani leo, zichomwe mwanzo kabla ya nyingine. Usizihifadhi hadi mwakani.

Vumbi nene la nyuzinyuzi chini ya gome, na njia pana zilizochorwa kwenye mti kama mto wenye matawi: hawa waliingia mti ukiwa mbichi au umetoka kukatwa. Joto la nyumba linawaamsha, ndiyo maana jioni moja unakuta mdudu mwenye papasi ndefu anatembea kwenye pazia. Anashtua watoto, lakini meza yako kavu haimvutii. Mkanyage au mtoe nje, mambo yaishe.

Vichuguu vya udongo vinavyopanda kutoka sakafuni: mchwa. Hawa hawakuja na kuni, walikuwa chini ya nyumba na wewe umewapelekea chakula mlangoni. Inua lundo, vunja vichuguu, kagua kila wiki. Jivu linalomwagwa kuzunguka lundo linawachelewesha tu.

Na hili nalisema kwa sauti: usipulizie kuni dawa ya wadudu. Kile ulichopulizia utakivuta usiku huo huo kama moshi, na ugali utakinywa pia.

Panya, nge na tandu ni suala la lundo lililokaa bila kuguswa. Lundo linalotumiwa kuanzia mbele tu huku nyuma kumekaa miaka miwili ni nyumba ya kupanga. Tumia za zamani kwanza, lisogeze lote walau mara moja kwa mwaka, na ukichomoa kuni gizani tumia tochi na vaa glavu. Wenzetu wa Lushoto, waliopambana na tauni tangu miaka ya 1980, hawahitaji kuambiwa kwa nini panya hawapaswi kulala karibu na watu.

Lundo limeporomoka

Mita moja ya ujazo ya kuni nzito, hata kavu, inaweza kuzidi kilo 400. Mtoto hucheza hapo. Lisizidi kimo cha kifua, na mwisho wa kila safu panga kuni kwa kukatisha, mbili hivi na mbili vile, ziwe nguzo. Usiegemeze lundo kwenye ukuta wa tofali mbichi. Ukuta wa jirani yangu ulipata tumbo kabla hajaelewa.

Zinarusha cheche, au dohani inanguruma

Paini na seprasi zina utomvu, na utomvu ukipata moto unapasuka. Ni kuni nzuri za kuwashia, mbaya za kuachwa zikiwaka wakati watu wamelala. Mkeka, mapazia na akiba ya kuni vikae mita moja au zaidi kutoka kwenye jiko. Jivu nalo: makaa yanaweza kuishi ndani ya jivu siku nzima na zaidi, kwa hiyo liwekwe kwenye ndoo ya bati, nje, wala si kwenye boksi kando ya lundo.

Wenye nyumba za zamani za misheni au za mashamba ya chai wana dohani. Kuni mbichi zikichomwa humo, moshi unapoa njiani na kuacha lami nyeusi inayong'aa ukutani mwa dohani. Lami hiyo ikishika moto, utasikia mngurumo kama wa lori linalopanda mlima. Toka nje na watu wako, ita msaada. Dohani isafishwe kila mwaka kabla ya Juni, na lami ikiwa nyingi, rudi kwenye sehemu ya povu hapo juu. Kuni zako ni mbichi hata kama hazilii.

Koo linachoma, moshi una harufu ya dawa

Huku kwetu, Njombe na Mufindi, tuna viwanda vya nguzo za umeme, na vipande vya nguzo vinazagaa. Ni vikavu, vimenyooka, vinawaka haraka, na ukivipata bure unajiona una bahati. Nguzo nyingi zimetiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Ukizichoma, aseniki inatoka na moshi, na sehemu nyingine inabaki kwenye jivu. Jivu hilo wengi tunalimwaga kwenye mchicha.

Mbao yenye rangi ya kijani kwenye ncha iliyokatwa imetiwa dawa. Ya zamani huwa imepauka kuwa kijivu, kwa hiyo kata kidogo uangalie ndani. Yenye rangi ya ukutani, plaiwudi na nguzo nyeusi inayonuka lami nazo zisiingie jikoni. Ukiwa na mashaka na kipande, kifanye fito ya uzio.

Kuni zinaisha Julai ikiwa katikati

Hili linaitwa wizi, linaitwa watoto wanachochea ovyo, lakini mara nyingi ni hesabu tu. Pima kuni unazochoma jioni moja ya baridi kali. Sisi watu sita tunachoma kama kilo 10. Juni, Julai na Agosti zina siku 92, kwa hiyo nahitaji kilo 920, na naongeza mizigo michache kwa ajili ya wageni na misiba. Ukiona jioni moja inakula kilo 20, usiagize kirikuu cha pili kwanza. Rudi kwenye mizani ya Jumamosi, pengine unachoma maji.

Nikishapanga lundo nachora mstari wa chaki ukutani kwenye nusu yake. Tarehe 16 Julai ndiyo nusu ya msimu, na mstari unatakiwa uwe unaanza kuonekana siku hiyo. Mwaka jana ulionekana tarehe 9. Tukahamia kuota kwa mama mkwe hadi Agosti ilipokatika, na kuni zake za miwati, zilizopasuliwa mwaka uliotangulia, bado zilikuwa zinalia kama chupa.